Mama wa Chini ya Mgomba

Huku Voi ukitaka mboga ya sukuma wiki ya kwako mwenyewe unaipanda kwenye gunia, na gunia lenyewe unalijaza udongo wa kuletwa, maana huu mwekundu wa hapa kazi yake ni kuchafua soksi tu. Wangu unashuka kutoka Werugha, kwetu milimani, juu ya lori la kabichi, umeshachanganywa na samadi. Jumamosi iliyopita niliumwaga uani, harufu yake ikanipanda puani kabla sijajiandaa: ubichi, majani yaliyooza, ukungu wa asubuhi, hata moshi wa jikoni kwetu, na sijui moshi uliingiaje kwenye gunia. Nikasimama na beleshi mkononi nimesahau nilichotaka kufanya.

Ndani ya udongo ule alikuwamo mnyama mrefu mwembamba, amekauka, amejikunja kama kamba ya kiatu. Nadhani joto lilimmaliza kabla lori halijafika Mwatate. Rangi yake ya buluu iliyokolea ilikuwa imebaki kidogo tu kwenye pingili za mwili. Nilimjua papo hapo. Ningependa kusema nilifurahi kumwona baada ya miaka yote hiyo, lakini nilikaa kwenye ngazi nikalia, mwanamke mzima, binti yangu ananichungulia dirishani akidhani nimeumwa na nge.

Nilimpiga picha nikamtumia rafiki yangu Kilonzo, ambaye anafundisha baiolojia katika sekondari moja ya hapa mjini. Jibu lake nitalifikia. Kwanza nieleze nilivyomfahamu mnyama huyo mimi, kwa kuwa ufahamu wangu huo ndio ulioharibu kila kitu.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko, chini kidogo ya barabara inayoelekea msitu wa Ngangao. Mashamba ya huko ni ngazi kwa ngazi, na kwenye kila ngazi mama alikuwa na kitu chake: viazi, maharagwe, nyasi za ng'ombe, na chini kabisa, karibu na kijito, migomba. Tulikuwa watatu nyumbani. Mama, mimi Wakesho, na mdogo wangu Mwakio ambaye bado alikuwa anavaa kaptura bila kifungo. Baba alikuwa mlinzi Mombasa na alikuja mara moja moja, akiwa na mkate wa mjini uliobonyea kwenye begi.

Wa rika langu mtakumbuka tulivyosoma sayansi: kukariri. Viumbe hai, wanyama na mimea. Wenye uti wa mgongo na wasio nao. Halafu samaki, ndege, na wengine wote hadi kengele ilie. Mwalimu wetu, kijana aliyekuja kutoka Taveta na kuteswa vibaya na baridi yetu, aliona kukariri hakutufai. Siku moja alipanga madawati ukutani, akachora vyumba vya chaki sakafuni, kila kundi chumba chake, akatuambia kesho yake kila mtoto alete mnyama mdogo akiwa hai ndani ya mkebe. Alituonya tukumbuke tulipomtoa, ili tumrudishe palepale. "Kila kitu kina kwake," alisema. "Ukimtoa kwenye unyevu ukamweka juani, umemuua hata kama hujamgusa."

Jioni ile mama alikuwa aking'oa shina la mgomba ulioanguka. Nilikuwa karibu naye natafuta konokono. Shina lilipotoka lilifunua kishimo laini, kimesawazishwa vizuri kabisa, na ndani yake alilala mnyama mkubwa kuliko nyungunyungu yeyote niliyewahi kumwona. Wenzake tuliozoea kuwakata kwa jembe walikuwa wa buluu nzito. Huyu alikuwa amepauka, karibu mweupe, kama mtu aliyelazwa siku nyingi. Juu yake walikuwa wanatambaa vitoto vyake, vyeupe, vidogo kama tambi. Niliinama. Vitoto vilikuwa vinamng'ata. Vilishika ngozi yake kwa midomo, vikajipindua, vikaivuta mpaka inachanika, vikameza. Na yeye alikuwa ametulia tu.

"Mama, njoo uone, wanamla!"

Mama aliinama akatazama, mkono mmoja kifuani. "Wafukie," akasema. "Si nyoka hao?"

Sikuwafukia. Niliwachota pamoja na udongo wao, nikawatia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikafunika kwa jani.

Shuleni watoto walileta mende, panzi, vyura, na mmoja wetu alileta kinyonga, darasa zima likapanda juu ya madawati. Mwalimu alipofika kwangu alitazama ndani ya mkebe kwa muda. Naamini hakuwa amewahi kuona kitu cha aina ile, lakini mwalimu mbele ya darasa ni lazima aseme neno.

"Nyungunyungu hawa. Weka pale, kwa wasio na uti wa mgongo."

"Mwalimu, mbona wanamla mama yao?"

"Huyo hana nguvu tena. Si umeona amepauka? Akishadhoofika, wale wadogo wanammaliza. Ndivyo viumbe wanavyoishi, kila mmoja anakula mwingine."

Hakulisema kwa ubaya, na watoto wengine walishahamia kwa kinyonga. Mimi nilibaki nimechuchumaa kando ya chumba changu cha chaki. Nilitaka kuvitoa vile vitoto nivitupe, lakini agizo lilikuwa agizo, kila mnyama arudishwe alikotoka. Nikawarudisha wote chini ya mgomba. Baada ya siku chache nilifukua tena na kile kishimo kilikuwa kitupu. Hapakuwa na mama, hapakuwa na watoto. Nikajua wameshammaliza, wakashiba, wakaenda zao.

Ndipo nilipoanza kumtazama mama yangu.

Mama alikuwa mnene kidogo zamani. Kuna picha yake kwenye harusi ya mtu, mashavu yamejaa. Mwaka ule mifupa ya shingo ilikuwa imeanza kuonekana, na gauni la kanisani lilimning'inia. Jioni alipika kimanga cha ndizi na maharagwe, akakisonga kwa mwiko mpaka kikashikana, akatupakulia mimi na Mwakio, kisha akajiwekea kidogo kwenye sufuria. Alitia tonge mdomoni, akatafuna, akatafuna. Akanyoosha shingo. Halafu, akidhani hatumwoni, aligeukia mafiga akalitema kwenye jani, akasukuma sufuria upande wetu.

"Malizeni nyinyi. Mimi nimeshiba."

Tukamaliza. Kila jioni tulimaliza. Mwakio alikuwa analamba hata mwiko. Mama alikunywa chai yake polepole, akikunja uso kila anapomeza, akitutazama tunavyokula, na kwa kweli alionekana kufurahi. Sasa mimi nilikuwa nimeshafundishwa maana yake. Nilijua ninachokiona kwa sababu nilikuwa nimekiona chini ya mgomba: mama anapauka, mama ametulia, na watoto wanakula.

Nilijaribu kupunguza. Nilisema naumwa tumbo, mama akanichemshia majani machungu na kunibembeleza nile zaidi. Nilimfinya Mwakio chini ya meza aache kuongeza, akapiga kelele, nikachapwa. Hakuna nilichokitenda kilichomrudishia mama hata tonge moja. Usiku wakati wa kulala nilimsikia akikohoa kama mtu aliyepaliwa, nami najikunja blanketini nikijichukia kwa uzito wangu wote mdogo.

Shangazi yetu, dada yake baba, aliishi Voi karibu na reli na alikuwa na kibanda cha vitenge sokoni. Alikuja kututembelea likizo ilipokaribia kwisha. Alipomwona mama tu mlangoni akaweka kikapu chini.

"Mama Wakesho, mbona umekwisha hivi?"

"Kazi za shamba," mama akacheka. "Na hawa wawili wanakula kama nzige. Nitabaki na nini mimi?"

Ulikuwa mzaha wa kila mama duniani. Wewe umeambiwa, mimi nimeambiwa, na sasa nawaambia wangu. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale na sahani mapajani, na niliisikia kama hukumu iliyothibitishwa na mshtakiwa mwenyewe. Nikaweka sahani chini.

"Shangazi, nichukue. Nataka kukaa kwako."

Kwetu watoto wanapelekwa kwa shangazi kila siku, si jambo geni, lakini wanapelekwa. Mtoto haombi mwenyewe kumwacha mamake.

"Kwa nini, mwanangu?" mama akauliza.

Ningemwambia nini? Kwamba tunakula ngozi yako? Nilitafuta sababu ambayo watu wazima wangeielewa.

"Kule kuna taa za stima. Na kuna mkate."

Shangazi aliangua kicheko akapiga makofi. "Huyu ana macho ya mbali! Nipe, wifi, nitamsomesha." Baba aliulizwa kwa simu ya jirani na akasema sawa. Nilimnong'oneza Mwakio aombe naye twende wote, akalia kwa sauti kwamba hataki kumwacha mama, kila mtu akamsifu kwa mapenzi yake.

Siku ya kuondoka mama aliamka alfajiri. Alisonga kimanga, akababua jani la mgomba kwenye moto lilainike, akakifunga, akakaza kwa kamba ya mgomba. Nilichungulia sufuria. Ilikuwa tupu, kukombwa imekombwa. Chakula chote cha asubuhi ile alikuwa amekitia kwenye kifurushi changu.

Kwetu chakula alichokufungia mama hakikataliwi. Hata kama hukipendi unakibeba kwa mikono miwili, unashukuru, ukampe mbwa huko mbele. Kukikataa ni kumkataa yeye. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilitazama ile mifupa ya shingo yake, nikatazama kile kifurushi kinavyotoa moshi, na nilitaka kitu kimoja tu, akile yeye.

"Sitaki."

"Chukua. Njiani utasikia njaa."

"Sitaki chakula chako."

"Wewe mtoto!" Shangazi alinishika sikio. "Unamwambia nani hivyo? Huyo si ni mamako?"

"Muache," mama akasema. Alikuwa bado amekishika kifurushi. "Roho yake imeshatangulia Voi."

Hakunikasirikia, laiti angenikasirikia. Alifuta machozi haraka kwa ncha ya leso, akasema moshi, akanifunga kifungo cha sweta, akaniambia nisimsumbue shangazi. Nilipogeuka kwenye kona ya barabara alikuwa bado amesimama na kile kifurushi, na nikasema moyoni, sasa atakula, akiona siko atakula.

Voi ilinipokea kwa vumbi na joto. Nilikula mkate wa shangazi bila raha, lakini niliamini kila ninachokula huku ni tonge linalobaki mdomoni mwa mama kule juu. Nilingoja habari kwamba amenenepa. Watu wa Werugha walipokuja sokoni niliwauliza, na wao wakamwambia shangazi kwa sauti ya chini kwamba hali ni ileile. Unajua niliwaza nini? Nilimlaumu Mwakio. Nilimchukia mtoto mdogo asiye na kifungo, kwamba amekataa kuondoka na anaendelea kumtafuna peke yake. Likizo ilipofika nikakataa kwenda nyumbani ili nisiwe mdomo wa pili. Shangazi akamtumia mama salamu kwamba Wakesho amezoea mji, hataki hata kusikia habari za milimani. Likizo iliyofuata nikakataa tena.

Mwishowe mama alipelekwa hospitali, akiwa hamezi tena hata uji. Walisema ni saratani ya koo la chakula, na kwamba amecheleweshwa. Alirudishwa nyumbani. Nilifika kwa mazishi. Nilivaa viatu vipya alivyoninunulia shangazi, na kina mama waliokuwa wakipika walivitazama, kisha wakanitazama mimi, wakaendelea kumenya viazi.

Sasa jibu la Kilonzo. Alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, ana furaha kama aliyeokota pesa.

"Wakesho, huyo si nyungunyungu! Huyo ana uti wa mgongo kabisa, ni amfibia, kundi moja na chura, ila hana miguu. Na hawa wa kwenu hawapatikani popote duniani isipokuwa hapo Taita. Sasa sikia maajabu. Jike akiwa na watoto, ngozi yake inanenepa, inajaa mafuta, inapauka. Watoto wanaichuna wanakula, halafu inaota nyingine. Anakonda kidogo, lakini hafi. Wakikosa hiyo ngozi, wao ndio wanakufa. Wakikua kila mmoja anaenda zake. Umempata wapi?"

Nilikuwa nimeketi palepale kwenye ngazi na simu sikioni, na nilianza kwa kuwakasirikia vyura wote.

Hebu fikiria. Yule mama wa chini ya mgomba hakuwa anakufa. Alikuwa katika ule wakati wake wa kulisha, na kishimo kilikuwa kitupu kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha na wamehama. Wangu mimi ndiye aliyekuwa anakufa, na hakuwa analiwa na mtu. Chakula kilikuwa hakipiti. Kutafuna kule, kunyoosha shingo, kutema kwenye jani, kukunja uso kwa chai, vyote nilivishuhudia jioni baada ya jioni, mimi peke yangu, na vyote nikavitia kwenye chumba kimoja cha chaki kilichoandikwa mapenzi. Leo nauza dawa kwenye duka la watu. Mteja akisimama mbele ya kaunta akiniambia chakula kinamkwama, simuuzii kitu, namwambia aende hospitali leo leo, na wengine wananiona nina kiburi. Labda mama asingepona hata kama ningesema. Wakati ule matibabu ya namna hiyo yalikuwa Mombasa au Nairobi, na sisi tulikuwa na ng'ombe mmoja. Nalijua hilo vizuri na halinisaidii.

Jumapili nilipanda Werugha. Sikujua naenda kufanya nini. Mwakio sasa ni baba wa watoto, ndiye anayelima pale. Nilimkuta kwenye ngazi ya chini kabisa, anapandikiza kabichi, na bomba la dawa limelala kando yake. Migomba haipo. Ukingoni amepanda mikaratusi na kijito kimekuwa mstari wa tope. Nilichukua jembe nikachimba pale nilipodhani palikuwa na lile shina, nikachimba na pembeni. Udongo ulikuwa mgumu na ulinuka dawa.

"Unatafuta nini, dada?"

"Wale wa buluu. Wa chini ya mgomba."

"Hao sijawaona siku nyingi. Na nikiwaona si nawakata, nyoka hao."

Nikakaa kwenye ukingo wa ngazi nikamweleza yote. Mkebe, chaki, mwalimu, sahani zetu, kwa nini nilimfinya, kwa nini niliondoka, kwa nini sikuja likizo. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Mwakio hakuacha kazi. Alichimba kishimo kwa kidole, akasimamisha mche, akaubana, akasogea. Nilipomaliza akaendelea kupanda mpaka mwisho wa mstari.

"Alipozidiwa majirani walitaka kukuita," akasema. "Akakataa. Akasema, msimsumbue, huko kwake ni kuzuri. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe chake. Alikuwa analia."

"Hakujua, Mwakio. Nilikuwa nataka ale."

"Sasa mimi unaniambia nifanye nini?" Hakusema kwa hasira. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike, macho ni ya mama kabisa. "Hayo ungemwambia yeye."

Nilibaki nimekaa. Akanyoosha mkono wenye matope, akanigusa kifundo cha mguu taratibu.

"Hebu sogea kidogo, dada. Umekanyaga miche."